Maumivu Sifuri kwa Watoto wa Dharura

(Hotuba ya Mkurugenzi Msaidizi wa Vipimo, Takwimu na Masuala Mtambuka, aliyoitoa asubuhi ya uzinduzi katika ukumbi wa kungojea wa idara ya dharura. Imenakiliwa neno kwa neno na karani wake, aliyeagizwa asiache kitu, hasa makofi.)

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Hospitali, uliyewakilishwa na msaidizi wako, ambaye naye amewakilishwa na kiti hiki cha mbele ninachokiona kitupu; waheshimiwa wakuu wa idara, wa vitengo na wa kamati ndogo za kamati ndogo; Bwana Mtunza Stoo; Sista wa zamu; madaktari wetu mliosimama karibu na mlango mkitazama saa; kina mama, kina baba, kina bibi na walezi wote mliosimama kwa hiari yenu ili wageni wapate viti; watoto wetu wapendwa mlioko kwenye mabenchi, mlioko migongoni na mlioko nyuma ya mapazia; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja basi ajihesabu ametajwa, maana muda ni mali na mimi si mtu wa maneno mengi. (Makofi ya watu wanne.)

Nasimama mbele yenu nikiwa na moyo mweupe, tai mpya na viatu vipya, vyote kwa heshima ya siku hii, kuzindua Mpango Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Upimaji wa Maumivu kwa Mtoto Aliye Katika Hali ya Dharura, mpango ambao kamati ilikaa siku tatu kuutafutia jina la kifupi na kila lililopatikana likawa refu kuliko lile la kwanza. Kipimo chenyewe mnakiona hapo, juu ya toroli la kufungia vidonda, kimefunikwa kitambaa cha bluu chenye nyuzi za dhahabu pembeni. Msikiguse. Msikiegemee. Kitafunuliwa mwishoni kabisa mwa hotuba, kwa mkasi, na kama ni kweli ninavyoambiwa kwamba utepe umesahaulika, basi kitafunuliwa kwa mkono. (Minong'ono. Mzee mmoja anauliza kama ni friji.)

Ndugu zangu, kwa miaka mingi mtoto akiletwa hapa ameungua, ameanguka au amebanwa na mlango, tumekuwa tukimpima joto, tukimpima uzito, tukimpima mapigo ya moyo, yote tunaandika, lakini maumivu yake nani kayapima? Mtu mzima ukimuuliza atakueleza, tena atakueleza hata usipomuuliza. Mtoto je? Huyu analia kwa kuogopa koti jeupe, hana hata mchubuko. Yule mkono umevunjika na katulia tuli, anatazama feni. Hapo pana pengo, au kwa lugha ya kitaalamu, gepu, na mimi nilipoliona gepu hilo sikulala usingizi, nikasema nitaliziba mwenyewe kwa mkakati, kwa data na kwa sahihi yangu. (Makofi. Karani ndiye aliyeanza.)

Sikukurupuka, nilifanya utafiti. Wapo wakubwa wanaotafiti wakiwa wamekaa ofisini. Mimi nilishuka fildi, nikaja kwenye vitanda hivi hivi, nikiwa na msafara wa watu tisa, wakiwemo mpiga picha, wataalamu wawili wa data na mtu wa kushika mwavuli, na ili watoto waone kwamba tumejiandaa kitabibu, nikaagiza mtu wa sindano atufuate nyuma na sinia lake, sindano zote zikiwa wazi na zimepangwa vizuri. Kitanda kwa kitanda nikainama, nikauliza swali moja tu la kisayansi: mtoto mzuri, unaumwa? Watoto hamsini na wawili, mabibi na mabwana. Hamsini wakajibu hapana. Mmoja alikuwa amelala. Na mmoja akasema anaumwa sana, halafu akatazama sinia, akasema samahani, alikuwa anatania. Kwa hesabu hiyo, asilimia tisini na sita nukta moja tano ya watoto wa dharura hawana maumivu yoyote, na tukimwingiza yule wa utani tunavuka tisini na nane. (Kina mama wanacheka. Sista wa zamu anajifunika mdomo kwa faili.)

Mnacheka kwa furaha, nami nafurahi pamoja nanyi. Kwa hiyo kaulimbiu yetu ni rahisi. Nikisema "Maumivu ya mtoto", ninyi mnaitikia "Sifuri". Tujaribu. Maumivu ya mtoto! (Karani: "Sifuri." Nyuma ya pazia la pili mtoto anaanza kulia.) Tutazoea tu.

Sasa, maneno matupu hayavunji mfupa, na leo nimeleta mfupa uliokwisha kuvunjika. Hapa kwenye kiti cha kwanza tunaye mtoto wetu wa mfano, binti wa miaka sita, ambaye saa moja asubuhi alipanda baiskeli ya jirani bila kibali cha jirani, akaangukia mkono. Mkono huo, kama mnavyouona, umeninginizwa kwa mtandio wa bibi yake, aliyekaa naye hapo. Amechaguliwa kwa mchakato wa wazi na wa haki, kwa maana ndiye aliyekuwa karibu na mlango tulipoingia. Daktari kamwona, picha ya mfupa imepigwa, dawa ya maumivu imeandikwa na imepimwa. Na hapa niwapongeze wataalamu wangu kwa umakini wao, maana tuliagiza dawa hiyo asipewe kwanza. Kwa nini? Kwa sababu za kisayansi. Mtoto akipewa dawa, maumivu yatapungua, na yakipungua, kipimo kitapima nini? Tutazindua nini? Ndiyo maana kile kikombe kidogo cha dawa mnakiona pale dirishani, kinasubiri zamu yake kama sisi sote, kwa sababu subira yavuta heri. (Mtoto anatazama kikombe. Bibi yake anamtazama mheshimiwa.)

Namwona Sista anainua mkono. Sista, maswali ni mwishoni. Anasema si swali. Basi na yasiyo maswali ni mwishoni pia.

Na niliseme hili bila kumlenga mtu. Katika utafiti wangu niligundua kwamba kuna mtumishi, simtaji, amesimama karibu na pazia la tatu ameshika faili, ambaye anapima maumivu ya watoto kwa kifaa kisichoidhinishwa. Nilikiona kwa macho yangu. Ni kipande cha boksi la glavu, upande wa nyuma, kimechorwa nyuso sita kwa peni ya bluu: wa kwanza anacheka, wa pili ametulia, na hivyo hivyo wanazidi kununa mpaka wa sita, ambaye machozi yamemfika kidevuni. Huyo mtumishi kwanza anafukuza watu wote walio karibu na kitanda, mkubwa kwa mdogo, hata mimi nilifukuzwa, kwa adabu lakini nilifukuzwa. Kisha anapiga magoti sakafuni, anamwonyesha mtoto viganja vyake vyote viwili, vitupu, mbele na nyuma. Halafu ndiyo anatoa hilo boksi na kusema: nionyeshe wewe ni yupi. Mtoto anagusa. Imekwisha. Hakuna fomu, hakuna muhuri, hakuna kikao. Na la kusikitisha zaidi, takwimu zake hazishikani na zangu hata kidogo, kwa sababu watoto wale wale niliowaacha saa nne wakiwa sifuri, yeye saa nne na nusu kawakuta kwenye uso wa nne na wa tano. Nikasema hapa kifaa kina hitilafu. (Kicheko kirefu. Daktari mmoja anatoka nje na kurudi.)

Nani amezima kipaza sauti? Aha. Naarifiwa waya wetu ulichomekwa mahali pa mashine ya mvuke, na kuna mtoto wa pumu amefika. Sawa, mtoto kwanza, huo ndio msimamo wangu siku zote. Sauti yangu haijawahi kutegemea umeme.

Nikiendelea. Kipimo kilicho chini ya kitambaa hiki si mambo ya maboksi. Kina skrini. Kina dashibodi. Kinahifadhi data, kinachakata data, na data ikichoka kinaipumzisha. Nyuso zake hazikuchorwa na mtu mmoja amepiga magoti. Zilibuniwa katika semina elekezi tatu na wokshopu mbili. Siku mbili nzima tulijadili kama uso wa furaha uonyeshe meno au ufunge mdomo, maana wapo wajumbe waliosema meno yanatisha watoto, na wapo waliosema furaha bila meno ni dharau. Tulipiga kura ikawa sare, nikaunda kamati ya meno. Nawaambieni, haraka haraka haina baraka, na mpango huu una baraka nyingi mno.

Naam, bibi? Namwona bibi wa mtoto wetu wa mfano amesimama. Kaa, bibi yangu, usichoke. (Bibi hakai.) Mpeni kipaza sauti. Ah, hakina umeme. Basi sema tu, bibi, kwa ufupi, hii ni ratiba.

(Bibi: "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini huyu mjukuu wangu ni msemaji, hata kwenye usingizi anasema. Leo toka saa moja kanyamaza. Mimi kipimo changu ndicho hicho, na kimeshapima. Naomba kile kikombe.")

Ahsante sana, bibi. Mchango mzuri, mchango wa mdau, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na bibi naye ni mzazi kwa mujibu wa kanuni. Tumeupokea, utaingia kwenye kumbukumbu, utafanyiwa kazi katika robo ijayo ya mwaka. (Sista ameshafika dirishani.) Sista. Sista, utaratibu tuliokubaliana. Sista, unanisikia? (Sista anasema anamsikia vizuri. Anaweka kikombe na faili kwenye benchi, anapiga magoti mbele ya mtoto, anaonyesha viganja, mbele na nyuma. Anatoa kipande cha boksi mfukoni. Mtoto anagusa uso wa tano. Sista anamnywesha dawa yote, anapanguza midomo yake kwa kona ya mtandio.)

Iandikwe kwamba dawa imetolewa kwa maelekezo yangu. (Vigelegele na makofi. Ndiyo makofi ya kwanza ya asubuhi hii ambayo karani hakuyaanzisha.)

Kumbe mnajua kushangilia! Sasa Sista ananinong'oneza kwamba dawa inataka kama nusu saa ndipo ifanye kazi, na tutalijua hilo kwa kumuuliza mtoto tena. Nusu saa. Hotuba yangu imebaki kurasa kumi na saba, kwa hiyo tunakwenda sambamba kabisa. (Zilisomwa kurasa za kumi na mbili hadi ishirini na nane. Zilihusu utoto wa mheshimiwa, safari zake nne za mafunzo, na umuhimu wa kuwa na ajenda. Watoto watatu waliitwa kwa daktari, wakatibiwa, wakaenda zao. Mheshimiwa alisimamia mguu huu, kisha ule, mara nyingi hata karani akaacha kuhesabu.)

Na kwa hayo machache. Eh? Naambiwa mtoto wa mfano anasema. Tazama, amerudiwa na sauti! Mmeshuhudia mafanikio ya mpango ndani ya saa moja. Anasemaje? Anauliza kwa nini babu anasimama kwa mguu mmoja. (Kicheko.) Hapana, mjukuu wangu, babu anasimama kwa miguu yote miwili, ila kwa zamu. Ni itifaki. Unakuja wapi? Sista, mtoto ameshuka kitini. Sista, amechukua lile boksi.

(Mtoto anasimama mbele ya mheshimiwa. Anainua kiganja kimoja, kitupu, mbele na nyuma. Mkono mwingine umefungwa. Anasema: "Babu, nionyeshe wewe ni yupi.")

Mimi? Mimi ni mgeni rasmi, mama. Mimi siumwi. (Mtoto anatikisa kichwa. Anamwonyesha kidole mpiga picha, kisha karani, kisha pazia. Yeye na mheshimiwa wanaenda nyuma ya pazia, peke yao. Kutoka huko, kwa kuwa pazia lina tundu, karani aliona kidole cha mheshimiwa kikikaa hewani muda mrefu, kisha kikagusa uso wa nne.)

Wa nne. Haya, rudini, nimeshasema, na wala sijafa. Naomba mniruhusu nikae kwenye hiki kiti cha Mganga Mkuu. Viatu hivi ni namba arobaini na mbili. Mimi navaa arobaini na nne. Nilivipenda, hawakuwa na namba yangu, nikasema vitatanuka vyenyewe. Leo asubuhi mke wangu aliniuliza mlangoni kama vinanibana. Mpiga picha alikuwa ameshafika, kamera iko tayari, dereva anatazama. Nikamwambia mke wangu hapana, viko sawa kabisa.

Sista, nikuulize, na nakuuliza mbele ya watu. Lile sinia la sindano siku ile nilipopita na msafara. Lilikuwa karibu mno, sivyo? (Sista anasema lilikuwa usoni kwao, mheshimiwa.) Watoto hamsini na wawili. Na yule wa utani alikuwa na nini? (Sista anasema aliungua mguu kwa maji ya moto.) Ee. Aliungua mguu, na akaniomba radhi. Nami nikamwandika sifuri, nikatia sahihi. Karani, hilo liandike pia, usilipambe.

Mabibi na mabwana, hotuba ina utaratibu wake na utaratibu unataka shukrani, basi nishukuru nikiwa nimekaa. Namshukuru Bwana Mtunza Stoo, aliyetuazima boksi la feni mbovu ili kitambaa kisilale bapa juu ya toroli. Naishukuru kamati ya meno, inayoendelea na kazi. Nawashukuru wataalamu wangu wa data, waliosubiri kwa uvumilivu skrini ambayo haijafika. Na haijafika kwa sababu haijaagizwa. Na haijaagizwa kwa sababu fomu ya kuiagizia inataka jina fupi la mpango, nasi hatunalo. Yaani kwa kifupi, chini ya kitambaa hakuna kitu, na hapakuwa na mpango wa kuwepo kitu mpaka mwakani au mwaka wa pili yake. Nilitaka uzinduzi utangulie, vingine vifuate. Wengi hufanya hivyo, na wengi wana viatu vinavyowatosha, ndiyo maana hawasemi. (Kicheko, lakini si kikubwa. Mzee wa friji anasema alijua tu.)

Nakifunua sasa, kwa mkono, kama ilivyoahidiwa. (Anakivuta. Boksi la feni linaonekana, mdomo wazi, tupu.) Hiyo ndiyo hali halisi. Na mikono yangu hii hapa, tupu vilevile, mbele na nyuma. Lakini kitambaa ni kizuri, jamani, kipana, kimeshonwa na fundi anayejua kazi. Sista, hiki kinatosha kumfungia mtoto mkono, ili bibi arudishiwe mtandio wake? (Sista anasema kinatosha na kinabaki. Anakikunja pembe tatu, anamfunga mtoto mkono, fundo begani. Bibi anachukua mtandio wake, anaukung'uta, anajitanda.)

Basi maelekezo yangu ya mwisho ni mafupi. Lile boksi la glavu libandikwe ukutani, chini, pale mtoto anapofikia, na mengine yachorwe kwa kila kitanda. Peni nitaleta mimi. Masinia yasubiri nje. Misafara isubiri nje, ukiwemo wangu. Na dawa isimsubiri mtu yeyote mwenye hotuba.

Kabla sijavua hivi viatu, kaulimbiu, kwa mara ya mwisho. Maumivu ya mtoto? (Karani anafungua mdomo, mheshimiwa anamnyamazisha kwa mkono. Mtoto analitazama boksi la glavu, anafikiri, kisha anagusa uso wa pili. Anasema: "Mbili.")

Mbili. Karani, futa sifuri. Andika mbili.